Gari bovu lililolala uani: ulitoe msaada, uliuze spea au ulipeleke skrepa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mwenye gari lililosajiliwa Tanzania ambalo haliwaki, au linawaka lakini haliendi, na majani yameshaanza kuota pembeni ya matairi. Aliye Kenya au ughaibuni ana majibu yake karibu na mwisho. Bei za kilo za skrepa hatukuziweka, maana zinabadilika kila wiki na kila yadi ina yake. Tumeeleza namna ya kupima usipunjwe.

Nianze na nani: fundi, dalali au mnunuzi wa skrepa?

Usianze na yeyote kati yao. Anza na kadi ya gari. Kadi ikiwa na jina lako na iko mkononi mwako, njia zote tatu (msaada, spea au skrepa) ziko wazi. Ikiwa bado ina jina la aliyekuuzia miaka sita iliyopita na hamkuwahi kuhamisha umiliki, unachotaka kugawa ni mali ya mtu mwingine kwa mujibu wa karatasi, kwa hiyo mtafute yeye kwanza. Benki ikiwa imeishikilia kwa mkopo, huna ruhusa hata ya kung'oa giaboksi. Na kama bima kubwa ilishakulipa thamani yote ya gari baada ya ajali, mabaki ni ya kampuni ya bima, isipokuwa mlikubaliana ubaki nayo kwa kukatwa sehemu ya fidia.

Lipo pia gari lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi, la taasisi ya dini, la mradi au la mtu aliyekuwa na stahili hiyo. Halihamii kwa asiye na msamaha mpaka TRA ikokotoe kodi na ilipwe. Taasisi nyingi hugundua jambo hili siku ambayo brekidauni imeshafika getini.

Kisha fungua boneti, soma namba ya chesesi na uilinganishe na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye Toyota nyingi za Japani imegongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na dashibodi: herufi na namba za modeli, kistari, halafu namba ya gari lenyewe. Ikiwa imefunikwa na uchafu, isafishe kwa brashi na mafuta ya taa. Usiipige msasa. Namba iliyokwaruzwa inaonekana kama ya gari la wizi, na hakuna chuo cha ufundi wala yadi ya maana itakayolipokea.

Nitajuaje kama limekufa kweli au ni ugonjwa mdogo?

Gari lililozima ghafla barabarani si lazima liwe maiti. Kwenye injini za zamani za Toyota kama 4A-FE na 5A-FE, mkanda wa taimingi ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Unafungwa mkanda mpya, linawaka. Pampu ya mafuta, koili, sensa ya krenki, waya uliotafunwa na panya: yote hayo hulaza gari miezi, na yote hutibika kwa gharama ya kawaida.

Kabla fundi hajafungua chochote, mwambie apime kompresheni. Anang'oa plagi zote, anakata umeme wa koili na wa pampu ya mafuta, anafunga kipimo kwenye tundu la plagi, kisha mtu anakanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho huku stata ikizungusha injini mara tano au sita. Injini ya petroli yenye afya hutoa takriban psi 150 hadi 190 kwa kila silinda. Silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 15, au moja ikianguka chini ya 100, kuna tatizo. Hapo mwaga kijiko kimoja cha oili kwenye silinda iliyo dhaifu na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Kazi nzima haizidi saa moja, na inakuepusha na fundi anayeanza na maneno "hapa ni ovahoo tu", yaani kufungua na kukarabati injini nzima.

Dalili nyingine za haraka: chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, mara nyingi kwa gasketi iliyoungua au silinda hedi iliyopinda baada ya gari kuchemsha. Weka spana kwenye boliti ya puli ya krenki na uizungushe kwa mkono. Isipogeuka kabisa hata plagi zikiwa nje, injini imekamata.

Magari ambayo kwa kweli hayarudi barabarani ni haya: chesesi iliyopinda kwa ajali, kutu iliyotoboa sehemu shokapu zinakoshikia au membari ya chini, yaani fremu inayobeba injini (magari ya pwani yanaugua sana hili, chumvi ya bahari haina huruma), gari lililozama kwenye mafuriko mpaka usawa wa dashibodi, na gari ambalo injini na giaboksi vimekufa kwa pamoja. La mafuriko ndilo linalodanganya zaidi. Linaweza kukaushwa likawaka, likauzwa, na miezi minne baadaye soketi za nyaya na kontroo boksi (kompyuta ya gari) zinaanza kuota kutu ya kijani, kila siku taa mpya inawaka kwenye dashibodi.

Kigezo cha fedha ni kipi?

Gharama ya kulifufua ikizidi nusu ya bei ya gari la aina hiyo hiyo, la mwaka huo huo, linalotembea, acha. Tuseme lililo zima linauzwa milioni 8. Injini ya mtumba, ufundi, oili, betri na matairi manne vimefika milioni 4 na nusu. Ukimaliza hutakuwa na gari la milioni 8: bushi, stelingi na shokapu bado ni zile zile zilizochoka, na mnunuzi atataka bei ishuke kwa sababu injini si yake ya asili. Ukibadilisha injini pia lazima TRA wairekebishe namba ya injini kwenye usajili. Wengi hawafanyi hivyo, halafu wanashangaa gari likikwama siku ya kuuzwa.

Si afadhali likae tu, labda nitapata hela baadaye?

Kila mwezi linalokaa linapungua thamani, hata likiwa limefunikwa turubai. Petroli huanza kuharibika ndani ya miezi mitatu hadi sita na kuacha utando unaoziba nozeli na pampu. Betri iliyoisha chaji ikakaa hivyo hujenga salfeti kwenye sahani zake na haichajiki tena. Pistoni za breki hushika kutu, sili hukauka na kuanza kuvuja, matairi yaliyobeba uzito mahali pamoja huchukua umbo bapa. Na panya: wakishazaa ndani ya dashibodi, nyaya zilizotafunwa zinakula thamani kuliko kutu. Turubai la plastiki lisilopitisha hewa linaongeza unyevu, afadhali kivuli cha bati.

Gari ambalo leo chuo kingelipokea kwa furaha, baada ya misimu miwili ya mvua ni la mizani tu.

Likitolewa msaada, nani analihitaji gari lisilotembea?

Wanaojifunza ufundi. Vituo vya VETA vyenye fani ya magari, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, vyuo vya ufundi vya mashirika ya dini na vyuo vya maendeleo ya wananchi vyote hufundisha kwa kufungua na kufunga, na injini za kufungua zinachakaa haraka. Vikosi vya zimamoto na uokoaji navyo duniani kote hutumia magari yasiyo na matumizi kujifunzia kukata milango na paa ili kumtoa majeruhi. Ulizia kikosi cha mkoa wako, hasa kama bodi ni nzima na injini imekufa. Hilo ni gari ambalo chuo cha ufundi hakilitaki na mzimamoto analitaka.

Usifikirie kituo cha yatima, zahanati au shule ya msingi. Wao wanahitaji gari linalotembea. Ukiwapa bovu umewahamishia tatizo la uani kwako likakae uani kwao.

Vyuo hupenda gari la namna gani, na hatua ni zipi?

Wanapenda lililo kamili: injini ipo, giaboksi ipo, nyaya hazijakatwa, kontroo boksi ipo, na modeli ni ya kawaida mitaani ili mwanafunzi akutane nayo tena kazini. Injini iliyonoki haiwasumbui, maana wanaifungua hata hivyo. Wasichotaka ni bodi tupu ambayo mwenyewe ameshauza kila kinachouzika. Kwa hiyo amua kabla ya kugusa spana: ukishang'oa masega (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi), alteneta na kontroo boksi, mlango wa msaada umefungwa.

Mwandikie mkuu wa chuo barua ya ukurasa mmoja. Taja aina, mwaka, namba ya usajili na ya chesesi, injini ni ipi, kitu gani kimekufa na kitu gani kinafanya kazi, gari liko mtaa gani. Ambatanisha picha sita: mbele, nyuma, pande mbili, injini, dashibodi. Eleza wazi nani atalipia brekidauni, kwa sababu hapa ndipo ahadi nyingi zinapofia. Chuo cha umma hakipati fungu la kukodi brekidauni ndani ya wiki moja. Subiri barua ya kukubali. Siku ya kukabidhi pawepo hati ya makabidhiano yenye namba ya chesesi, saini za pande mbili na muhuri, kwa sababu chuo cha umma kinatakiwa kuliingiza gari kwenye daftari la mali zake.

Mkubaliane pia juu ya usajili. Gari la kufundishia halitaingia barabarani, kwa hiyo jambo safi ni usajili kufutwa badala ya kuhamishwa. Likibaki na jina lako miaka mitano ndani ya karakana ya chuo, bado ni lako.

Nataka kumpa mdogo wangu, au kanisa, au msikiti.

Mpe kama ana hela ya kulitengeneza, na mkae mpige hesabu pamoja kabla. Halafu mfanye uhamisho kamili: hati ya zawadi mbele ya wakili, TIN za wote wawili, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani pamoja na ada ya uhamisho na ya kadi mpya. Undugu usiwe sababu ya kuruka karatasi. Akigonga mtu, anayetafutwa kwanza ni mwenye jina kwenye kadi.

Nikitoa msaada nitapunguziwa kodi?

Ukiwa mwajiriwa Tanzania, hapana. Kurasa nyingi za mtandaoni zinazoahidi punguzo la kodi kwa kutoa gari zinaongelea Marekani. Mfanyabiashara ndiye anayeruhusiwa na Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kutoa kwenye hesabu zake michango kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kama gari lilikuwa mali ya kampuni na limeshakatwa uchakavu miaka mingi, thamani iliyobaki vitabuni ni ndogo na nafuu yake ni ndogo vilevile.

Kuuza kipande kipande kunalipa kuliko kuuza zima kwa skrepa?

Karibu kila mara kunalipa zaidi, kwa modeli inayotembea sana mjini, ukiwa na nafasi na subira ya miezi miwili au mitatu. Kwa modeli adimu, hapana. Spea yake atakuja kuitafuta mtu mmoja kwa mwaka, na huenda asikupate.

Vinavyotoka haraka ni taa za mbele na za nyuma, saiti mira, bampa, shoo, rimu, kontroo boksi, giaboksi nzima, alteneta, stata, kompresa ya AC, milango yenye pawa windo zake. Kabla ya kupeleka kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Tabata, Dar es Salaam, fahamu mambo mawili. Kwanza, mwenye duka hununua kwa bei inayomwachia faida na muda wa kukaa na mali. Usitarajie bei anayomwuzia fundi. Pili, giaboksi na kontroo boksi zisizo na namba zinazosomeka zinashuka bei papo hapo, kwa hiyo usioshe stika wala kukata soketi. Ng'oa waya pamoja na soketi yake, acha kama sentimita 20.

Kila unachouza kiandikie hati fupi yenye namba ya chesesi ya gari kilikotoka. Biashara ya spea za mtumba ina wizi mwingi ndani yake, na karatasi moja inakutenganisha nao.

Visivyofaa kuuzwa kama spea: mikanda ya usalama iliyowahi kufyatuka, brekipedi, mabomba ya breki ya mpira, na mifuko ya hewa. Hii ya mwisho tuisisitize. Mamilioni ya magari, mengi ya Japani, yalifungwa mifuko ya Takata ambayo baruti yake, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikifyatuka hupasua kopo lake na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Tanga, Dar na Mombasa mwaka mzima. Mfuko wa hewa wa gari la zamani usiende kwenye gari la mtu mwingine.

Fundi ameniomba "hicho kichuma cha ekzosi" kama zawadi. Nimpe?

Hayo ni masega. Ndani yake mna sega la kauri au la bati lililopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na kwenye baadhi ya magari linaweza kukuingizia fedha nyingi kuliko bodi yote kwa mizani. Usilitoe bure, usikubali lipimwe kwa bei ya kilo ya chuma, na usilivunje, kwa kuwa unga ukimwagika thamani imemwagika. Wanunuzi hutazama namba zilizogongwa kwenye ganda. Piga picha ya namba hizo na uulize bei kwa wanunuzi watatu. Pia kagua kama bado limo ndani, magari mengi yamebaki na ganda tupu tangu gereji ya kwanza.

Nimwage nini kabla halijaondoka, na nimwage wapi?

Gari dogo la silinda nne lina oili ya injini lita 3.5 hadi 4.5, oili ya giaboksi ya otomatiki lita 6 hadi 8, ambazo ukifungua sumpu zinatoka nusu tu, maji ya rejeta lita 5 hadi 7, oili ya breki chini ya lita moja, ya stelingi hivyohivyo, na petroli yoyote iliyobaki tangini.

Kila kimoja kiwe na dumu lake, limeandikwa. Ukichanganya kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) na oili chafu, mnunuzi wa oili chafu ataikataa yote, na sasa una lita kumi za uchafu usio na mwenyewe. Kulanti yenye ethilini glaikoli ina ladha tamu na inaua mbwa na mbuzi, isiachwe kwenye beseni wazi hata nusu saa. Petroli ya mwaka jana usiiweke kwenye jenereta, itaziba kabureta. Na usimwage chochote kwenye shimo la maji machafu: oili kidogo tu inaharibu kisima cha jirani kwa muda mrefu.

Unapoingia chini ya gari, jeki peke yake haitoshi. Weka stendi za chuma au magogo mazito. Matofali ya saruji hupasuka bila taarifa.

Betri iuze na maji yake ya asidi ndani. Wanunuzi wa mkokoteni hupenda kuimwaga chini ili wabebe madini ya risasi tupu, na asidi hiyo inakwenda na risasi iliyoyeyuka ndani yake. Kijiji cha Owino Uhuru pale Mombasa kiliathirika kwa risasi kutoka kiwanda cha kuyeyushia betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri ya gari dogo ina kilo kama 10 hadi 18 na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi, kwa hiyo ina bei nzuri bila kumwagwa.

Gesi ya AC, R134a, hupasha dunia joto mara 1,430 ya kabonidayoksaidi kwa uzito ule ule. Fundi wa AC mwenye mashine ya kunyonya anaitoa na kuitumia tena. Kufungua nati ukasikia "fsss" ni kazi ya sekunde tano, na ndiyo inayofanywa karibu kila mahali.

Kwenye skrepa wanapimaje, na wanapunjia wapi?

Vitz kamili ina kilo 850 hadi 950, Corolla ya miaka ya 1990 kilo 1,000 hadi 1,150, Noah 1,400 hadi 1,600, Land Cruiser ya toleo la 80 inavuka 2,100. Karibu theluthi mbili ya uzito wa gari ni chuma. Corolla iliyokwishang'olewa injini, giaboksi, matairi, viti, vioo na plastiki hubaki na kilo kama 550 hadi 650. Jua namba yako kabla ya kwenda, kwa sababu mbinu ya kwanza ni kununua "kwa macho": laki kadhaa taslimu, achia hapo hapo. Kataa.

Mbinu ya pili ni kuchanganya. Bodi ni bati, bei yake ni ya chini kuliko chuma kizito. Injini yenye bloku ya chuma iko juu yake, alumini juu zaidi, shaba juu kabisa. Tenganisha mwenyewe: rimu za alumini, silinda hedi, ganda la giaboksi na rejeta upande mmoja, nyaya, alteneta na stata upande mwingine. Injini ya 1NZ ina bloku ya alumini, ya 5A na 3S ina bloku ya chuma. Sumaku ya spika ya zamani inamaliza ubishi.

Mbinu ya tatu ni mizani yenyewe. Kwa mizani ndogo, beba mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa na uuweke kwanza. Kwa mizani ya lori, pima lori tupu na lori lenye mzigo kwenye mizani ile ile, siku ile ile, wapandaji wote wakiwa chini, na udai tiketi zote mbili. Punguzo la "uchafu" mkubaliane kwa asilimia kabla ya kupima, siyo baada.

Mnunuzi awe na kibali. Chuma chakavu Tanzania husimamiwa chini ya sheria ya mazingira kupitia NEMC, baraza la mazingira la taifa. Omba kuona kibali, piga picha, na udai risiti.

Mnunuzi anataka kulikata hapa hapa nyumbani kwa gesi.

Mkatalie, au angalau tangi la mafuta litoke kwanza na liwekwe mbali. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke. Betri ichomolewe, mngoje angalau sekunde 90 kabla ya kugusa stelingi au dashibodi ili umeme wa mifuko ya hewa uishe. Shokapu na zile nguzo za gesi zinazoinua mlango wa nyuma zisipigwe moto, hupasuka kama bomu dogo. Gari lisining'inie kwenye jeki wakati wa kukata.

Na gari la mseto (haibridi)?

Usiliguse mwenyewe. Betri kubwa ya Prius ya toleo la pili na la tatu ina volti 201.6, na nyaya zake za rangi ya chungwa zinaua. Fundi anayejua huchomoa plagi ya usalama akiwa na glavu za umeme na kungoja dakika kumi. Betri hiyo ina soko lake, isiende kwenye mizani ya chuma.

Gari limeshaondoka. Je, nimemaliza?

Bado. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo deni hilo halikui tena, lakini jina lako bado liko kwenye usajili. Vibao vya namba ving'oe kabla gari halijavuka geti. Kibao halali cha gari lililokatwa kinatafutwa sana na wenye magari yasiyo halali. Angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi na madeni ya maegesho ya TARURA, ulipe. Kisha peleka TRA maombi ya kufuta usajili: barua, kadi halisi, vibao vyote viwili, picha za gari, na hati ya mauzo ya skrepa au ya makabidhiano chuoni. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Bima ikiwa bado hai, iandikie kampuni kusitisha na uulizie kiasi kilichobaki.

Kadi ilipotea, au ina jina la marehemu.

Iliyopotea: taarifa ya polisi ya upotevu, kisha TRA kwa kadi nyingine. Ya marehemu: anayeweza kutia saini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo ni hatua ya kuelekea mahakamani, hakitoshi chenyewe. Kabla ya hapo hata mtoto mkubwa asiuze rimu, ugomvi wa mirathi mingi umeanza na rimu.

Gari liko gereji tangu mwaka juzi, fundi anadai hela ya maegesho.

Kazi aliyoifanya na kumaliza ana haki kulipwa kabla ya kuachia gari. Maegesho ambayo hamkuyapatana ni ya kujadiliana. Nenda na shahidi, hakiki kwanza kitu gani kimebaki kwenye gari (usishangae masega na betri visipokuwepo), andikeni kiasi na tarehe ya kuondoa. Mara nyingi makubaliano mazuri ni yeye kuchukua vipande vilivyotajwa kwa jina badala ya deni.

Niko Kenya. Kuna tofauti gani?

Kadi yako ni logbuku, na ofisi yako ni NTSA kupitia eCitizen. Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 inataka mnunuzi awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua, kwa hiyo atakudai kitambulisho. Asiyekudai ndiye wa kumkwepa. Serikali huifuatilia sana biashara hii: Januari 2022 ilisimamishwa nchi nzima baada ya hujuma kwenye nguzo za umeme.

Niko ughaibuni. Je, nilisafirishe nyumbani likawe spea?

Gari zima la zamani halitakubalika kila mahali: Kenya hairuhusu magari yenye umri unaozidi miaka 8, Uganda miaka 15. Malizana nalo huko huko. Marekani, punguzo la kodi kwa kutoa gari linamfaa tu anayeorodhesha makato yake badala ya kuchukua kato la jumla, na kwa kawaida ni kiasi ambacho shirika limeliuzia, si unachodhani linafaa. Likiuzwa zaidi ya dola 500 unahitaji fomu 1098-C. Uingereza, lipeleke kituo kilichoidhinishwa, chukua cheti cha kuteketezwa na uwajulishe DVLA (wasajili wa magari wa huko), usipowajulisha faini inafika pauni 1,000. Mnunuzi wa skrepa huko haruhusiwi kukulipa taslimu.

Matairi manne yamebaki uani.

Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakiwa na zaidi ya miaka sita, usimwuzie mtu kwa ajili ya barabara hata kama kashata bado ni nene, mpira umeshakauka kwa ndani. Mafundi wa ndala na wa kamba za mkokoteni huyachukua. Yakisubiri kuchukuliwa, yatoboe chini yasituamishe maji, mbu wa dengi hawahitaji zaidi ya hapo.